Kope za Mama Kostansia

Mgeni rasmi, Baba Askofu Rudasingwa, uliyefunga safari kutoka Columbus kwenye theluji hii, Mchungaji wetu, wapendwa wote:

KARIBU
Sisi wahudumu wa mlangoni wa kanisa hili la East Side, Buffalo, tunakupokea kwa mikono miwili. Bila shaka umeona leo hatujavaa mikanda yetu ya kijani begani. Sababu inakuja.

HISTORIA NA MAFANIKIO
Mama Kostansia ametuongoza tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Kazi yake ni kuwaamsha wanaosinzia wakati wa mahubiri. Akiwa mlangoni, husikia kope ikifumba kwenye benchi la mbele. Kule kambini alimgusa begani marehemu aliyekwisha kuimbiwa. Marehemu akaketi, akauliza kama sadaka imepita. Mimi Gaspari, ninayesoma risala hii, nilikuwepo. Anayebisha tuonane nje.

CHANGAMOTO
Baba Askofu, kwenye kongamano la Louisville ulikatiza mahubiri ukasema, "Huyo mama anayeamsha wenzake, yeye ataamshwa na nani?" Watu wakacheka. Ukaagiza avuliwe mkanda palepale.

Hakuwa amelala. Kope zake zilikuwa zimeshuka, na moja aliishikilia kwa kidole ili akuone.

Alikwenda hospitali, akaambiwa ni uzee. Akapewa miwani, kisha dawa ya matone. Mwishowe daktari wa macho aliinua kope, akakuta uvimbe wa rangi ya waridi, akakata kipande kikapimwe. Ni limfoma, saratani ya tezi za limfu, na ilikwisha kufika kifuani na tumboni. Kope ndizo zilizotangulia kutoa taarifa. Daktari alisema si kila kope iliyolegea ni saratani, lakini ikishuka na isipande, ipimwe. Isichekwe: hilo tunaongeza sisi.

OMBI
Ni moja. Mama Kostansia anaendelea na matibabu, na leo amekuja. Yuko pale mlangoni, amekataa kiti. Tulipomwambia tutamwombea, alijibu, "Ombeni, lakini mkanda wangu urudi."

Mkanda huo uko mezani mbele yako. Ulimvua mbele ya watu, basi mvalishe mbele ya watu, kwa mkono wako. Kabla ya hapo hatumwamshi mtu. Mahubiri yako tunayajua urefu wake, na Mzee Cubaka benchi la tatu ameshaanza kukoroma. Tutamwacha.

Mungu akurudishe Columbus salama, na amwachie Mama Kostansia miaka ya kutusumbua.

Ni sisi, Wahudumu wa Mlangoni, East Side, Buffalo.
Kiongozi wetu: Mama Kostansia.