Mpira Uliopashwa Moto

Mwaka 1997, katika basi dogo la kwenda mtaa wa Ngagara, mwanaume aliyekaa mbele yangu alikuwa anafikicha mpira mdogo mweusi mkononi. Jirani yake, mama muuza vitenge wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, akamuuliza ni wa nini.

"Ya skwashi, mama, ule mchezo wa kupiga mpira ukutani na raketi. Ikiwa baridi hairuki. Lazima uipashe moto mbele ya kucheza."

Alisema anaitwa Valéry, bingwa wa klabu yake. Oktoba 1993 alikuwa na tiketi ya ndege ya Kairo, aende kucheza kwa mshahara. Akaisogeza mbele wiki moja ili acheze fainali na mwenyekiti wa klabu, mtu wa kitambi.

"Nilimushinda. Siku ya tatu vita ikaanza, ndege zikasimama."

"Ungepitia kwetu Uvira, papa. Watu walipita."

"Na mama yangu? Ningemuacha na nani?"

"Na ulipokata ile tiketi, ulikuwa unamuacha na nani?"

Mimi nilitazama dirishani, kana kwamba nimeulizwa mimi.

Kabla hajajibu, tukasimamishwa kwenye kizuizi, tukashushwa wote. Askari akamnyang'anya ule mpira, akaubamiza chini. Uliruka kupita kofia yake, ukavuka mtaro. Bingwa aliutazama ukienda, hakusogeza hata mguu.