Nukta Kwenye Karatasi ya Kumi na Nne

Mgeni rasmi, Waziri wetu wa Ulinzi, sisi wachoraji ramani tunakukaribisha chumbani mwetu. Utuwie radhi kwa mapazia kufungwa mchana. Ndivyo amri ilivyo.

TULIKOTOKA
Tulianza wawili, kwa meza moja na rula ya mbao. Kwenye orodha sasa tuko sita. Tuliapa kutosema nje tunachochora. Wenzi wetu wakiuliza habari za kazi, tunajibu, "Salama." Siku hizi hawaulizi.

TULIYOFANYA
Tumekamilisha karatasi arobaini za ramani ya nchi nzima. Ulipojengwa mnara wa rada, tuliagizwa kufuta kila kilicho karibu nao kwenye karatasi ya kumi na nne. Tulifuta njia, kisima na kijiji cha kaya mia mbili. Hatukubisha. Adui naye husoma ramani.

YANAYOTUSUMBUA
Mwezi wa tatu dereva wa gari la wagonjwa alitupigia simu.

"Jamani, kuna mama uchungu umemzidi. Hicho kijiji cha karibu na mnara nakifikia kwa kupitia wapi?"

Mkuu wetu akamjibu, "Kwenye ramani hakipo, kaka."

"Najua hakipo, dada. Ndiyo maana nauliza."

Hatukumwambia. Mama yule alifariki, na mtoto wake.

Mwenzetu tunayemwita Fundi Wino ndiye aliyekifuta kijiji kile kwa mkono wake. Karatasi iliporudi mezani kwake kusahihishwa, aliweka nukta moja, ndogo kama punje ya ufuta, akatia sahihi pembeni kama tufanyavyo sote.

Tulimwambia, "Unajitafutia balaa."

Akasema, "Jina sijaandika. Nimeonyesha tu kuna watu."

Alisimamishwa kazi. Haturuhusiwi kumtembelea. Kila Ijumaa tunaosha kalamu zake, wino usije ukaganda.

OMBI
Hatusemi mnara uondolewe. Mambo ya vita wewe unayajua kuliko sisi. Tunaomba madereva wa wagonjwa waapishwe kama sisi, kisha wapewe karatasi yenye nukta. Na Fundi Wino arudi.

Risala hii imekaguliwa, na jina la kijiji limekatwa. Ukituuliza tutakutajia, kwani wewe unaruhusiwa kulisikia.

Mungu ailinde nchi, akulinde na wewe, na awaone walio chini ya mnara.

Ni sisi watano wa Chumba cha Ramani. Kiti cha sita, kile cha dirishani, hatujakiondoa.