Mama Ednah, Aliyesoma Nyuso Kabla ya Picha

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2025, Mama Ednah Gatwiri anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya matangazo hapa Makutano, Meru mjini. Aliingia kama mfagiaji. Anatoka kama mtu ambaye bila sahihi yake hakuna bango linalochapishwa.

Kazi yake ilikuwa kujua ni nini kitamuudhi nani. Hakuuliza mtu kama picha ni nzuri. Alitufundisha kwamba watu wetu wana heshima, watakuambia ni nzuri tu. Yeye alibandika picha kwa kibanda cha Kajuju, muuza viazi pale soko la Gakoromone, kisha akajifanya anachagua viazi. Alichagua polepole mpaka siku moja Kajuju akamwambia anunue gunia lote ama apishe wateja. Kumbe Mama alikuwa anaangalia nyuso za wapita njia. Baadaye alirudia hayo hayo kwenye soko la Kiritiri, maana kinachochekesha Meru mjini kinaweza kufukuza wanunuzi kule Mbeere.

Mwaka juzi mimi nilisahau hilo. Nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi, mtoto halali, mimi silali. Kampuni moja ya mafuta ya kupikia ilituma kutoka Nairobi picha ya mwanamume amemkumbatia mama mkwe wake jikoni. Huko Nairobi waliipenda sana. Vijana wa Gakoromone wakacheka. Nikaipitisha bila kufika Kiritiri, na Mama akatia sahihi kwa kuniamini.

Siku ya soko, akina mama wa Kiritiri walipita mbele ya mabango hayo wamejifunika nyuso kwa leso, na Mzee Njoka mwenye duka akageuza mabango yote yakaangalia ukuta. Mama mkwe hakumbatiwi. Hata njiani anapishwa.

Meneja wetu, Bwana Gikunda, alikuwa ashaandika barua ya kunifuta kazi. Mama Ednah alimwambia aandike mbili, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha. Barua haikutoka. Kesho yake tulienda Kiritiri, tukabandua mabango yote na kuomba msamaha duka kwa duka. Hakunigombeza. Lakini msamaha niliuomba kwa mdomo wangu mwenyewe. Yeye alimbeba mtoto wangu mgongoni.

Huko ndiko alikopata wazo la picha nyingine: mama ameketi akinyonyesha, sufuria ikichemka jikoni. Nairobi wakasema ni aibu. Akina mama wa Kiritiri wakashangaa, aibu gani mtoto akila? Nairobi wakakubali, na bango hilo liko kwa Mzee Njoka mpaka leo.

Wasifu huu niliubandika kwa Kajuju Jumanne, nikajifanya nachagua viazi. Hakuna aliyegeuza uso. Kajuju tu ndiye aliyelalamika kwamba sikuandika vile Mama haondoki bila kuomba kiazi cha nyongeza. Sasa nimeandika.

Asante, Mama. Nenda upumzike, ulale mpaka jua litoke, na Mungu akutunze shambani kwako. Kuanzia Jumatatu sahihi ni yangu, na Kiritiri nitafika.

Purity, chumba cha picha