Aliyechota

Benchi la nyuma ya maabara lilitengenezwa kwa mbao za kreti iliyowahi kubeba vali za mtambo wa gesi wa baharini. Aliyelipiga misumari hakuyajali maandishi, kwa hiyo mshale uliosema JUU ulielekea ardhini, na wenye benchi walikwisha kuzoea kuukalia. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo hata nzi hutua na kufikiri. Viyoyozi vya ofisi ya mazingira vilikuwa vinadondosha maji ukutani, tone, kisha kimya, kisha tone, kama saa isiyo na haraka ya kufika popote. Fundi viatu alikuwa na kiatu cha mtu magotini. Mzamiaji mstaafu alikuwa amefumba macho. Muuza kahawa, ambaye wote walimwita Shangazi, alikuwa anamimina. Na Dada Chupa, mpimaji wa maji, alikuwa ameipakata chupa.

Kwa miaka ishirini na miwili Dada Chupa alikuwa amepima maji ya bahari, na bahari yenyewe hakuwahi kuiingia kupita magoti. Ilimjia kwenye chupa za kioo cheusi zilizopangwa ndani ya boksi la barafu, nusu lita nusu lita, na alikuwa ameizoea hivyo, kama mtu anayemjua ndugu wa ughaibuni kwa barua tu.

Mapajani alikuwa na chupa, juu ya chupa fomu, juu ya fomu kalamu. Fomu ilitakiwa mezani kwa mkurugenzi saa kumi. Kibali cha mtambo cha kumwaga maji yake baharini kilikuwa kinaisha, bodi ingekaa kesho asubuhi kukirefusha kwa miaka mitano, na katika jalada zima ukurasa uliokosekana ulikuwa huu. Mkuu wa maabara alikuwa semina. Alipiga simu akasema maneno manne: “Nisainie kwa niaba yangu.”

Lakini kwenye mkoba wa Dada Chupa kulikuwa na kifurushi cha gazeti. Dada yake mkubwa, mkausha samaki, alikuwa amekileta Jumapili, akakiweka mezani na kusema, “Nusa.” Alinusa. Dagaa walinuka mafuta ya taa. “Wateja wamenirudishia matenga mawili,” dada mtu akasema. “Na mdogo wangu ndiye mpima bahari.” Akanywa maji, akaaga.

— Leo ngapi? fundi viatu akauliza bila kuinua kichwa.

— Kumi na nne.

— Mwezi uliopita?

— Kumi na nne.

— Na ule wa kabla yake?

— Ibara, nimekwambia. Miezi kumi na tisa, kumi na nne.

Fundi viatu aliitwa Ibara kwa sababu mteja mmoja alimwachia viatu vilivyofungwa ndani ya gazeti la serikali na hakurudi tena. Viatu viliuzwa. Gazeti akalisoma lote, na majedwali yake.

— Na ukomo wa sheria ni thelathini, Ibara akasema. Maji yanayopanda na gesi kutoka chini, ukiyamwaga, mafuta yaliyobaki ndani yasizidi thelathini kwenye milioni. Sasa mtu anapata kumi na nne, wewe umenuna. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? akauliza mzamiaji, macho yamefumbwa vilevile.

— Imeingia. Ukiitafakari utaiona.

— Nilikuwa naitafakari, ndiyo maana nimelala.

Mzamiaji walimwita Pumzi. Kwa miaka kumi na mmoja alichomelea vyuma kwenye miguu ya mtambo ule, chini kabisa, na mpaka leo alikuwa anaongea sentensi fupi kama mtu anayehesabiwa hewa.

— Tatizo langu si kumi na nne, Dada Chupa akasema. Tatizo ni kwamba maji ya bahari hayarudii neno. Ukichota asubuhi hivi, jioni vile. Mvua ikinyesha, vingine. Haya yanasema neno moja kama kasuku.

— Labda wamejirekebisha, akasema Shangazi.

— Mtu akijirekebisha anapunguza, Shangazi. Hagandi.

Aliinua chupa ikapigwa na jua. Ndani ya kioo cheusi mwanga ulijikunja, ukawa rangi ya chai, na kwa kitambo aliona au alidhani ameona bahari yote imelala humo, imejikunyata kama mtoto kwenye kapu. Akaishusha taratibu isije ikaamka.

— Ngoja nikufafanulie serikali inavyofanya kazi, Ibara akasema, akatia msumari mdomoni na kuendelea kuongea nao humohumo. Kabla hawajatoboa, inaandikwa tathmini. Kitabu kinene hivi. Wananchi wanapewa siku zao za kutoa maoni. Wasipotoa, wameridhika. Kikitoka kibali, kina masharti: tope la kuchimbia mtalipeleka wapi, moshi kiasi gani, mafuta yakimwagika mtafanya nini na nani atakimbia kwanza. Halafu kuanzia hapo, mwenye mtambo anajipima mwenyewe, anaandika mwenyewe, analeta pamoja na chupa ya kuhakikishia. Serikali inasoma. Na isiposadiki, inakagua.

— Anajipima mwenyewe, Pumzi akarudia.

— Ndiyo. Nyani haoni kundule.

— Hiyo sasa umeipatia.

— Nimeipatia kwa bahati mbaya. Nilitaka kusema mtu anawajibika.

Shangazi akacheka mpaka birika likatikisika. Yeye alikuwa anapeleka kahawa kwenye vikao vya ofisi ile, kila Jumanne na siku za bodi, na alijua mengi kuliko yaliyomo kwenye majalada, kwa kuwa hakuna anayenyamaza kwa ajili ya mtu mwenye sinia.

— Huo ukaguzi niulizeni mimi, akasema. Unaitwa ukaguzi wa kushtukiza. Sawa. Ofisi haina boti, haina helikopta. Kwa hiyo inaandika barua kwa mwenye mtambo: tunaomba nafasi tatu kwenye helikopta yenu, wiki ijayo Alhamisi, tuje kuwashtukiza. Wanajibiwa: Alhamisi imejaa, njooni Jumatatu, na mtuambie uzito wenu na kama kuna asiyekula nyama.

— Fuata nyuki ule asali, Ibara akasema.

— Wakifika wanakuta kila kitu kimepakwa rangi. Mwaka jana mmoja alirudi na rangi ya njano kwenye suruali. Nilimwona kwa macho yangu.

— Na ukienda mwenyewe kwa boti? akauliza Dada Chupa.

— Marufuku, Ibara akasema. Mita mia tano kuzunguka mtambo hakiingii chombo bila ruhusa. Jedwali la tatu. Wameweka kwa usalama, na usalama ni kitu kizuri, hata kama hujui wa nani.

Tone. Harufu ya gundi ya viatu, harufu ya kahawa, na chini yao, kutoka mkobani, ile nyingine. Dada Chupa akausogeza mkoba mbali kidogo na mguu wake. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa rangi, mstari wa chumvi, mstari wa joto. Harufu haikuwa na mstari.

— Mimi nawaambia sababu ya kumi na nne, Shangazi akasema. Kule mtamboni pia watu wanakunywa kahawa. Mwandishi wao ameandika mara ya kwanza kumi na nne, ikapita bila maswali. Nani anabadilisha sufuria inayompa ugali?

— Hapana, Ibara akasema. Ni maji yenyewe. Maji yamepimwa mara nyingi mno, yamejifunza. Ni kama mwanafunzi anayeujua mtihani. Yanafika mlango wa maabara, yanajinyoosha, yanasema kumi na nne. Yakitoka yanaendelea na maisha yao.

— Na dagaa?

— Dagaa hawajasoma.

Pumzi akafumbua macho. Hilo halikutokea mara nyingi.

— Mimi nimekaa kule chini, akasema. Miguu ya mtambo imeota kombe mpaka huoni chuma. Samaki wanalala wamesimama, wamejipanga, kama watu kwenye foleni ya benki. Hakuna sauti. Ukitazama juu unaona ule moto wao wa gesi kupitia maji, unacheza, mkubwa kama mwezi ulioanguka. Nilikuwa nasahau kupanda. Walikuwa wananivuta kwa kamba.

Akapumzika, akahesabu hewa yake.

— Sasa kule kuna bomba la kutokea maji yao. Upana wake mtu anapita. Siku nyingine nilikuwa naona yanatoka yanameremeta, rangi rangi, kama hariri inakunjuliwa. Mazuri sana. Yanachukuliwa na mkondo yanakwenda zao pwani. Siku nyingine yanatoka meupe tu. Nadhani bahari ina watu wawili. Mmoja anameremeta usiku, mmoja anatoa sampuli mchana.

— Hiyo nadharia ni ya ulevi, Ibara akasema, lakini kwa upole, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameiona ile hariri.

Dada Chupa alikuwa ameiona kuliko wote. Aliiona inakunjuka polepole, inapita juu ya mchanga na mawe, inapanda ufukweni bila kelele na kujitandaza kwenye vichanja vya dada yake, juu ya dagaa waliopangwa kwa mkono mmoja mmoja. Akaangalia saa. Saa tisa na nusu. Akafungua kalamu.

— Unasaini? akauliza Shangazi.

— Namba iko chini ya ukomo, akasema Dada Chupa, na sauti yake haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya fomu. Mashine haikukosea, nimerudia mara tatu. Sina sababu ya kutosaini.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, Ibara akasema, na kwa mara nyingine tena akapatia bila kutaka.

Hapo ndipo alipotokea mtu mgeni, kijasho kinamtoka, amebeba boksi la barafu kwa mikono miwili. Alikuwa na sare ya kampuni ya usafirishaji, mpya bado na mikunjo ya dukani.

— Hamjambo hapa. Naulizia maabara, nimeambiwa zunguka nyuma.

— Umefika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Ibara akasema. Kaa juu ya mshale.

— Siwezi kukaa, mzee wangu. Nimeanza kazi leo. Dereva mwenzangu kahamishwa, nimerithi njia yake. Nina chupa tupu za mwezi ujao, na karatasi inasema nizikabidhi mkononi kwa mtu anayechota. Akaweka boksi chini, akafuta paji la uso. Sasa nilitaka kuuliza tu. Ni nani anayechota?

Ibara akautoa msumari mdomoni.

— Yule mwenzako alikuwa anampa nani? akauliza Dada Chupa.

— Nimempigia. Anasema alikuwa anaziacha ghalani kwa mlinzi, na mwezi ukiisha anazikuta palepale, zimejaa. Hakuwahi kumwona mtu.

— Ghalani wapi?

— Bandarini. Ng’ambo hii hii ya maji.

Dada Chupa akaigeuza fomu. Nyuma kulikuwa na safu ndogo ya visanduku ambayo kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameigonga mhuri bila kuisoma. Aliyechota: k.n.y., na sahihi kama ndoano. Aliyeshuhudia: k.n.y., ndoano. Aliyefunga: k.n.y. Aliyepokea bandarini: k.n.y. Ndoano ni ileile. Mtu huyo alikuwa amefanya kila kitu kwa niaba ya kila mtu, na hakuna aliyekuwapo. Na chini kabisa kisanduku cha tano kilikuwa kitupu, kinamsubiri yeye: Mkuu wa Maabara. Kalamu yake ilikwisha kuandika k.

Pumzi alitazama juu ya bega lake.

— Mtu aliyechota kwa niaba, akasema. Alichota wapi?

Ibara alitafuta methali. Walimwona akiitafuta, midomo ikisogea, macho yakipanda ukutani kwenye viyoyozi na kushuka tena. Hakuipata. Tone likadondoka. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe chake mwenyewe, likatoa mashapo tu.

Dada Chupa akaikata ile k kwa mstari mmoja ulionyooka. Kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, upana wa vidole viwili, ambayo mwaka hadi mwaka ilikuwa nyeupe, akaandika kwa mwandiko wa shule: *Aliyechota hajulikani. Mahali pa kuchota hapajulikani. Samaki wa pwani wananuka mafuta ya taa, mfano umeambatishwa.* Akatia majina yake yote matatu na sahihi ambayo mama yake mzazi angeitambua. Halafu akatoa kifurushi cha gazeti mkobani na kukibana juu ya fomu kwa kibanio cha ofisi.

— Hicho kitapelekwa mbele ya bodi? Shangazi akauliza.

— Kesho wewe ndiye mwenye sinia.

— Nitakiweka karibu na mwenyekiti, Shangazi akasema. Upande wa feni.

Dereva alikuwa bado amesimama, anabadilisha mguu.

— Samahani, dada. Basi hizi chupa tupu nimpe nani?

Dada Chupa alitazama boksi. Chupa kumi na mbili, shingo kwa shingo, zimelala kwenye barafu iliyoanza kuyeyuka.

— Nipe mimi.

Dereva akashukuru, akapata sahihi yake, akaondoka haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Ibara akatazama boksi, akamtazama mwenye boksi.

— Utaenda kwa helikopta ya nani?

— Shemeji yangu ana boti ya mashine.

— Mita mia tano, nakukumbusha. Jedwali la tatu.

— Nitasimama kwenye mia tano na moja.

Ibara akalipitia gazeti lake lote kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Mia tano na moja haikutajwa popote.

— Mkondo unakuja upande huu, Pumzi akasema. Simama kaskazini ya bomba, nitakuonyesha. Kuogelea unajua?

— Sijui.

Pumzi akafikiri, akavuta hewa.

— Basi chupa uishike vizuri, akasema, na mimi nitakushika wewe.