Magadi ya Bi Swaumu

Mwaka wa hamsini na tatu, katika basi la kutoka Chole kwenda Kisarawe, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mkubwa, Bi Swaumu, alikuwa akisifia magadi: yanalainisha kunde, yanatoa shombo ya samaki sufuriani, na mumewe huyalamba kiungulia kikimshika. Nilidhani atasema yanaleta na mvua.

"Hata leo nimemwachia binti yangu ayatie kwenye kunde za mchana," alisema. "Haya mapya ni makali. Nilipoyatia maji yalichemka bila moto."

Mwenzake, Zena, aligeuka. "Yalichemka, mama?"

"Yalichemka. Na kidole kinaniwasha tangu asubuhi." Akakionyesha. Ngozi ilikuwa imebabuka.

Zena alikishika kidole kile. "Mama yangu, hayo si magadi ya kupikia. Hiyo ni soda ya kutengenezea sabuni. Nyumbani kwetu tunatengeneza sabuni, naijua. Inaunguza matumbo."

"Mwenye duka kaniambia ni magadi."

"Labda hata yeye hajui."

"Ananiuzia tangu sijaolewa," alisema Bi Swaumu kwa hasira. "Usiyejua ni wewe." Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, kama saa ya chakula imeshapita. Mimi nilikuwa na saa mkononi, nikaifunika kwa kiganja.

Basi liliposimama Maneromango, Bi Swaumu aliteremka, akaacha kikapu chake kitini, akaanza kukimbia kurudi tulikotoka.