Pancha Ambayo Haikutokea

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, dereva wetu atastaafu baada ya kuitumikia hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Mhariri wa jarida ameniomba mimi, niliyewahi kuongoza wodi ya saratani ya damu, niandike habari zake, tena nichekeshe. Nitajaribu.

Alianza na gari la nguo chafu. Mwenyewe husema mashuka ndiyo abiria bora, hayalalamiki. Alipohamishiwa kwetu kubeba wagonjwa, aliendesha polepole hata baiskeli zikampita, maana wagonjwa wale waliumwa mifupa kila gari liliporuka. Muuguzi mmoja akamtania kwamba anaendesha kama aliyebeba mayai. "Mayai yananunulika, dada," akamjibu.

Wote mnamwita Pancha. Kila mgeni husimuliwa kisa: alitumwa kumleta mgonjwa, akarudi mchana na kiti kitupu, akidai tairi limepata pancha, ilhali matairi yote manne yalikuwa mazima na la akiba lina utando wa buibui. Akapewa barua ya onyo. Kisa hiki nimekisimulia karibu kila sherehe, na nimecheka kuliko wote.

Leo nakisimulia kwa ukweli wake.

Tulikuwa tukijaribu dawa mpya kwa watu ambao saratani yao ya damu ilikuwa imerudi baada ya matibabu. Mmoja alikuwa fundi cherehani. Sindano ya pili ilimtia homa, akatetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Alipopata nafuu akaomba kuacha, akaenda zake nyumbani. Ilikuwa haki yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemweleza kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu. Lakini kila aliyejitoa aliudhoofisha utafiti wangu, nami nilikuwa nimeshaanza kuota sifa. Nikamtuma dereva: "Mwambie ni vipimo tu. Akishafika, niachie mimi."

Dereva alimkuta fundi akishona sare ya shule ya bintiye. Akamweleza kweli yote, akamwachia aamue. Fundi akabaki na cherehani yake. Alipoulizwa mbele ya ofisi nzima kwa nini amerudi bila mgonjwa, dereva akataja pancha, ili asiseme nilichomtuma.

Jioni ile mke wa fundi alinipigia simu. "Daktari, yule shemeji dereva katueleza vizuri sana. Asante kwa kumtuma." Nikazipokea shukrani zisizo zangu, na ofisini sikumweleza mtu. Onyo likaandikwa, cheo cha dereva mkuu kikampita, nami nikawa mcheshi wa sherehe.

Dawa ile iliwafaa baadhi. Fundi alifariki nyumbani kwake. Sijui kama ingemfaa. Kuamua hakukuwa kazi yangu.

Naomba uongozi uifute barua ile kabla hajaondoka. Naona haya kwamba nimengoja hadi moyo wangu wenyewe uchoke ndipo niseme.

Siku hizi yeye ndiye anayenipeleka kliniki ya moyo. Hunishika mkono, hunifunga mkanda, na kabla hajawasha gari huuliza: "Mzee, leo twende, au umechoka tuahirishe?" Swali hilo sikumuuliza fundi.

Ndugu yetu, nisamehe. Wenzako wote wanakushukuru, nami nyuma yao. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya. Popote watakapokuita, ukitaka nenda; usipotaka, baki.