Mama Birika na Kikombe cha Bati

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Birika anastaafu, baada ya kutupikia chai kwa miaka thelathini na moja hapa kiwandani kwetu, kiwanda cha mablanketi. Wengi wetu hatujui jina lake lingine, na yeye hajawahi kulalamika.

Wiki yake ya kwanza ilikuwa mbaya. Alimpa mhasibu mkuu chai katika kikombe cha bati, na mhasibu, kwa haraka zake, akakipeleka mdomoni bila kupuliza. Alizungumza kwa kunong'ona hadi Ijumaa. Mama Birika aliomba radhi, kisha akajifungia jikoni na vikombe vya kila aina, akavijaza maji ya moto na kuvigusa kimoja kimoja huku akihesabu. Alitoka na vidole vyekundu na elimu kamili: bati hupitisha joto mbio, udongo mzito hulipitisha kwa kusitasita, na plastiki karibu huligomea. Birika lake akalivisha mabaki ya blanketi, na tangu hapo hatujanywa chai ya vuguvugu.

Fundi mitambo mmoja aliwahi kumtengenezea birika la chuma tupu, hadi mpini. Lilikuwa zuri ajabu kulitazama. Fundi alipoombwa amimine mwenyewe alilishika, akaliachia, na kesho yake akaja na mpini wa mbao bila kuulizwa neno.

Lakini tunamshukuru zaidi kwa kikao cha mwaka juzi. Mkurugenzi alikuja na mpango wa kufunga kitengo cha mablanketi mazito, na watu ishirini na wawili wangepoteza kazi. Kila mtu anajua kwamba mkurugenzi hunywa chai kwa mafunda matatu, katika kikombe cha plastiki, na kikombe kikiwa kitupu kikao kimekwisha. Msimamizi wetu naye ni mtu wa taratibu. Hagusi hoja kabla ya kuwaulizia hali watoto wa kila aliyepo. Siku hiyo Mama Birika alileta kikombe cha bati, chai inafuka. Mkurugenzi alikigusa, akakiacha. Akapuliza. Akakigusa tena, akakunja uso. Msimamizi akamaliza watoto wote, akafika kwenye oda mpya za shule mbili za bweni ambazo mpango ule haukuzitaja. Mkurugenzi, kwa kukosa la kufanya, alisikiliza. Kitengo kipo hadi leo, nami ninayeandika haya ndimi mtunza stoo wake.

Alipoulizwa kuhusu kile kikombe, Mama alijibu, “Vya plastiki vilikuwa havijaoshwa.” Niliviona kabatini kwa macho yangu, vimekauka na vinang'aa.

Mama yetu, ahsante. Tutakukumbuka sana, na hilo tunalisema bila utani. Tunakutakia mapumziko mema, magoti yasiyouma, na mtu wa kukupikia chai wewe. Ya leo tumekupikia sisi. Kunywa taratibu, usiharakishe kuondoka. Tumekutilia kwenye kikombe cha bati, maana vya plastiki havijaoshwa.